Dakika nne zisizo na sauti

Tafakari ya wiki. Somo: Nehemia 12:27–43

Wiki chache zilizopita mafundi rangi walikuja kupaka sakristia, na kabla hawajaanza ilibidi tutoe kila kitu kabatini. Nyuma ya vitabu vya zamani vya ubatizo mzee wa kanisa akakuta kanda ya video, zile kubwa nyeusi, imeviringishwa ndani ya kipande cha khanga. Ubavuni ilibandikwa karatasi yenye maandishi ya kalamu: TAMASHA – PAA. Hakuna mwaka, hakuna jina la kwaya, hakuna jina la mtu.

Niliigeuza kwenye mwanga. Kupitia kidirisha chake cha plastiki niliona kitu cheupe kimekaa ukingoni mwa utepe, kama unga uliopeperuka kwenye chekeche. Ukungu. Sisi tunaoishi huku mlimani, juu ya Moshi, tunaujua. Kati ya Machi na Mei, mvua ikikaa juu ya migomba siku nane mfululizo, unaota kwenye viatu, kwenye mkanda wa suruali, kwenye jalada la Biblia. Kanda ile ilikuwa imepitisha masika zaidi ya ishirini kabatini.

Sikuhitaji kuambiwa ni ya nini, maana nami nilikuwepo siku ile. Ilikuwa miaka ya mwisho ya 1990. Kanisa hili mnalokaa leo lilikuwa na kuta nzuri za mawe na paa la mabati ambalo mvua ilipita kama kwenye chujio. Baraza la wazee likaamua kufanya tamasha la uimbaji, Jumapili mchana baada ya ibada, na kulirekodi lote kwa video, ili kanda iuzwe na fedha zinunue mabati mapya. Kwa wakati ule lilikuwa wazo la kijasiri. Televisheni huku Bara ilikuwa bado mgeni. ITV ilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na kijiji kizima nyumba zenye televisheni na deki ulizihesabu kwa vidole vya mkono mmoja ukabakiza vidole. Lakini watoto wetu walioko Dar es Salaam, Arusha na Nairobi walikuwa nazo, na kila Desemba wanapopanda mlima kuja kula Krismasi nyumbani wangenunua.

Mimi nilikuwa kijana wa sauti ya nne katika kwaya iliyoalikwa kutoka usharika wa jirani. Nakumbuka beseni la plastiki mlangoni badala ya kiingilio. Nakumbuka mnada: mikungu ya ndizi, debe la mahindi, kuku waliofungwa miguu, na mbuzi mmoja aliyenunuliwa mara nne kwa sababu kila aliyemnunua alimrudisha auzwe tena. Nakumbuka kundi la matarumbeta, wazee sita na kijana mmoja, shaba yao wameisugua kwa majivu na ndimu mpaka inatoa macho machozi. Desturi hiyo ya kumsifu Mungu kwa shaba tuliirithi kwa misheni ya Leipzig kutoka Ujerumani, iliyofika mlimani mwaka 1893, na leo matarumbeta yakipita mjini juu ya pikapu yakizunguka Mnara wa Saa, gari la bibi harusi likifuata nyuma, hakuna anayeyaona kuwa ya kigeni.

Na nakumbuka kilichotokea katikati ya wimbo wa sita. Nitakifikia.

Nyuma ya soko kuu la Moshi yuko kijana ambaye bado anashughulika na kanda. Kibanda chake hakizidi upana wa mlango na nusu. Aliniamkia, "Shikamoo, Mchungaji," akaipokea kwa mikono miwili, akaitikisa karibu na sikio kama mtu anayepima yai. Akafungua skrubu tano za mgongoni kwa bisibisi ya msalaba, akainua ganda la juu. Akakunja pamba, akailowesha spiriti, akaibana juu ya utepe kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, na kwa kidole cha mkono wa kulia akaanza kuzungusha gurudumu. Polepole, shibiri kwa shibiri. Kanda ya saa tatu ina utepe wa zaidi ya mita mia mbili. Pamba ikichafuka anaiweka kando, anachukua nyingine. Nilizihesabu mpaka thelathini na moja, nikaacha. Alipomaliza akahamishia magurudumu yote mawili kwenye ganda jipya, maana la zamani, alisema, limebeba mbegu za ukungu na litauambukiza utepe tena.

Deki ndiyo ilikuwa shida. Kampuni ya mwisho duniani iliyokuwa bado ikizitengeneza, Funai ya Japani, iliacha Julai 2016. Tuliazima moja kwa familia ya mtaa wa Majengo. Ilikuwa chini ya kitambaa cha kudarizi na juu yake picha ya harusi. Fundi akaisafisha, akaiunganisha na kompyuta yake, kisha kabla ya kubonyeza akanigeukia. "Mchungaji, hii ikipita leo inaweza isipite tena. Tunairekodi mara hii hii ya kwanza." Nikavuta kigoda nikakaa, na sikuthubutu hata kukohoa.

Nilipokuwa nimekaa pale nilikumbuka kwamba sauti za mlima huu ziliingia kwenye utepe zamani kabla ya video. Hapa Moshi kulikuwa na studio ya Sauti ya Injili, iliyotayarisha vipindi vya Kiswahili kwa ajili ya redio ya Shirikisho la Kilutheri Duniani huko Addis Ababa, redio iliyofunguliwa mwaka 1963. Kwaya iliimba studioni, utepe ukafungwa ukasafirishwa mpaka Ethiopia, na kutoka huko wimbo ukarudi hewani kwa masafa mafupi hadi kwenye redio ya betri sebuleni Machame. Baba aliweza kusikia sauti ya mkewe ikitoka Addis Ababa huku mke mwenyewe yuko jikoni anamenya ndizi. Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia iliitwaa redio ile. Jina la Sauti ya Injili halikufa. Ndilo jina la redio ya Dayosisi yetu ya Kaskazini mpaka leo.

Redio ilichukua sauti ikaacha uso. Kanda hii ilikusudiwa kubeba vyote viwili.

Picha ikatoka. Kwanza mistari, kisha chengachenga, kisha rangi zikatulia, na mbele yangu likasimama kanisa hili hili likiwa changa. Madhabahuni wameweka maua ya dalia kwenye ndoo, na katikati yake masale, lile jani ambalo Mchaga akikuletea mkononi huwezi kumnyima msamaha. Kwaya mwenyeji wameingia kwa mstari, sketi za buluu, blauzi nyeupe, wanaume tai zilizofungwa na mtu mmoja maana mafundo yote yanafanana. Nikajiona na mimi, nyuma kabisa, shingo kama ya jogoo mdogo. Nikaanza kuhesabu, ingawa sikutaka. Waimbaji thelathini na wawili wa kwaya mwenyeji. Kumi na mmoja tumeshawazika.

Dakika ya arobaini na moja sauti ikakatika. Picha ikaendelea.

Fundi akashika waya, akagonga ubavu wa deki, akanitazama kwa hofu. Nikamwambia aache, si kosa lake. Siku ile mpiga video alikuwa amechomeka waya wa kamera yake kwenye mikisa, apate sauti safi isiyo na vikohozi vya watu. Jenereta tulilokodi likazimika. Mikisa ikafa, spika zikafa, na kamera ikaendelea kwa betri yake, ikichukua kila kitu isipokuwa kilichokuwa kinasikika. Hali hiyo ilidumu dakika nne.

Nasi tuliokuwepo tunajua kwamba dakika hizo nne ndizo tamasha lenyewe. Kinanda kilinyamaza kama mtu aliyezibwa mdomo. Gitaa la besi likabaki likilia tok, tok, nyuzi tupu. Kwaya, iliyozoea kujisikia kwenye spika, ikapotea njia katikati ya ubeti. Kisha mtu akaanzisha kiitikio kwa sauti yake tu. Kanisa likakipokea. Sauti ya tatu ikatoka kwenye mabenchi ya wanaume, ambako hakuna aliyewahi kuifundisha. Mvua ikaanza kugonga yale mabati mabovu na kudondokea watu mabegani, na hakuna aliyehama. Wale wazee wa matarumbeta wakaingia ubeti uliofuata bila kuonyeshwa. Mpaka leo tukikutana msibani au harusini tunaulizana, "Unaikumbuka siku ya jenereta?" Na kila anayesimulia husema aliyeanzisha ni mwalimu wa kwaya. Nami nimeisimulia hivyo miaka yote, hata mimbarini.

Vijana wetu wa kwaya walipoiona nakala kwenye kompyuta walifurahi sana, wakapanga kuiweka kwenye flashi za kuuza na kuipandisha YouTube. Ila zile dakika nne, walisema, zikatwe. Mmoja wao, kijana mwenye sikio zuri ambaye naamini Mungu amemwita kwenye kazi hii, alitoa wazo bora zaidi: wao waende studio, wauimbe wimbo ule upya, sauti yao ipandishwe juu ya picha ya wazee. "Mchungaji, watu wakiona midomo inacheza kimya wataona ni kazi mbovu." Hakusema kwa dharau. Aliwaonea wazee wake aibu, akataka kuwasitiri. Nikawaomba wanipe wiki moja.

Katika wiki hiyo filamu moja haikutaka kunitoka kichwani. Januari 1972, kwa usiku mbili, Aretha Franklin aliimba nyimbo za Injili katika kanisa la New Temple Missionary Baptist, Los Angeles, akiwa na Mchungaji James Cleveland na kwaya ya Southern California Community. Jengo lenyewe liliwahi kuwa ukumbi wa sinema kabla ya kuwa kanisa. Santuri ya nyimbo zile ilitoka mwaka huo huo, ikanunuliwa na watu zaidi ya milioni mbili. Filamu ilikuwa mikononi mwa mwongozaji Sydney Pollack, naye hakutumia kile kibao chenye mdomo ambacho wapiga filamu hukigonga mbele ya kamera, pa!, ili baadaye picha ya kugonga ikutanishwe na sauti ya kugonga. Kwa sababu ya kibao hicho tu, picha na sauti zilishindwa kuoanishwa. Zikakaa ghalani. Baadaye Alan Elliott alizichukua akazipatanisha kwa mitambo ya kompyuta, lakini Aretha mwenyewe alizuia filamu isionyeshwe, akaenda mpaka mahakamani. Alifariki Agosti 2018. Familia ikaridhia, na Novemba mwaka huo watu wakaiona. Miaka 46.

Ndani yake kuna jambo ambalo santuri haikuweza kumwambia mtu. Usiku wa pili baba yake, Mchungaji C. L. Franklin, ameketi mbele. Binti yuko kwenye piano anaimba, jasho linamtiririka, na baba anasimama, anamwendea, anamfuta uso kwa kitambaa. Anamfuta kama mtoto aliyerudi kutoka kucheza juani. Binti haachi kuimba. Kwa miaka 46 mamilioni waliusikia wimbo ule wasijue kwamba katikati yake kulikuwa na mkono wa baba.

Sisi huku kwetu kanda za kwaya zilichukua njia nyingine, na sina nia ya kuilaumu. VCD zilipoingia, kila kwaya ilienda studio kwanza, kisha ikapangwa kwenye nyasi za hoteli au kando ya maporomoko ya maji, sare zimepigwa pasi, wakaigiza midomo juu ya wimbo uliokwisha kurekodiwa. Pleibeki. Kwa njia hiyo Injili iliingia kwenye mabasi ya usiku, saluni na baa ambako hakuna mchungaji angekaribishwa. Ambassadors of Christ wa Kigali waliimba hivyo, na sebule nyingi za hapa Moshi zilikariri mpaka hatua zao za miguu. Ndiyo maana Mei 2011, waliporudi kwao kutoka huduma hapa Tanzania wakapata ajali na baadhi yao wakafa, watu wengi hapa walilia kama waliofiwa na jamaa. Nyuso zile zilikuwa zimeshakaa nao mezani.

Ila kwenye pleibeki kuna pengo ambalo nililiona waziwazi pale tu DVD za Joyous Celebration kutoka Afrika Kusini zilipotufikia. Kwaya ile, iliyoanzishwa mwaka 1994, hurekodi mbele ya umati, na kamera ikigeuka unaona watu: mama ameinua mkono, kijana amefunika uso, mzee anaitikia nusu mstari kabla ya wakati. Siku hizi makundi ya kuabudu ya Dar es Salaam kama Essence of Worship nayo yanarekodi laivu, na ninafurahi. Kwenye nyasi za hoteli hakuna anayeitikia. Kwaya inaimba vizuri kabisa, na nyuma yao kuna bustani.

Ijumaa jioni nilimwalika nyumbani bibi mmoja aliyekuwa sauti ya pili katika kwaya ile. Ana miaka themanini na zaidi, macho yake ni mazuri kuliko yangu. Tukamwekea kiti karibu na kompyuta. Aliangalia kimya mpaka dakika ya arobaini na moja, na sauti ilipokatika hakushtuka. Alianza kuimba. Alifuata midomo ya wale waliokuwa kwenye picha, taratibu, akitikisa kichwa mahali ambapo wanapumua. Kisha akaacha ghafla.

"Mwanangu Mchungaji, rudisha."

Nikarudisha.

"Rudisha tena. Mwangalie mwalimu."

Nikamwangalia mwalimu wa kwaya. Mikono yake yote miwili ilikuwa kichwani. Alikuwa amelipa kanisa kisogo, anatazama mlango wa pembeni ambako jenereta lilikuwa. Mdomo wake umefungwa. Na katika benchi la tatu, upande wa wanawake, dada mmoja aliyejifunga khanga, mtoto mgongoni, ananyanyuka. Anafumbua kinywa. Peke yake, ukimya wa picha unakuonyesha hivyo kuliko ambavyo sauti ingekuonyesha, maana hakuna mdomo mwingine unaocheza kanisani kote. Jirani yake anageuka kumtazama, naye anafumbua. Kisha benchi la nyuma. Kisha upande wa wanaume. Ni kama upepo unapoingia shambani, mgomba mmoja hutikisika, kisha wa pili, kisha shamba zima. Mwalimu anageuka mwisho wa yote, anashusha mikono, anaanza kuongoza kitu ambacho tayari kinakwenda.

Bibi alimtaja jina. Nilimkumbuka. Alikuwa sauti ya kwanza wa kwaya ile, sauti iliyotegemewa, mpaka alipopata mimba akiwa nyumbani kwa wazazi wake. Akawekwa chini ya nidhamu ya kanisa. Asimame na kwaya? Hapana. Meza ya Bwana? Hapana. Ndiyo maana hakuwa na sketi ya buluu siku ile. Ndiyo maana alikuwa benchi la tatu. Na ndiyo maana aliujua wimbo ule kuliko mtu yeyote aliyekaa mabenchini. Tulimwondoa mbele, na Mungu akamkuta alipoketi. Alifariki miaka mingi iliyopita. Kwa jinsi ninavyokumbuka hakuwahi kudai kwamba ni yeye, na katika sisi tuliokuwa tukisimulia habari ile kila mwaka, hakuna aliyewahi kumuuliza.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilifungua Nehemia, na nawaomba mfungue leo. Ukuta wa Yerusalemu umekwisha kujengwa, na Nehemia anapanga kwaya mbili kubwa zitembee juu ya ukuta, moja kulia, moja kushoto, mpaka zikutane nyumbani mwa Mungu. Kwa nini mwandishi anatuchosha na majina? Makuhani wa baragumu anawataja mmoja mmoja. Msimamizi wa waimbaji anamtaja: Yezrahia. Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati kimetenga sura nzima ya 25 kuhesabu waimbaji wa hekalu, watu 288, na kutueleza kwamba zamu zao zilipigiwa kura, mdogo sawa na mkubwa, mwalimu sawa na mwanafunzi. Sisi tuliandika TAMASHA – PAA.

Kisha Nehemia, mstari wa 43. Baada ya majina yote ya wanaume, mwandishi anaongeza kwamba wanawake na watoto nao walifurahi, na kwamba kilichosikika mbali ilikuwa furaha ya Yerusalemu. Wanawake na watoto hawakutajwa kwenye mpangilio wa kwaya juu ya ukuta. Lakini ukisoma mstari ule bila wao, furaha ile haiwezi kufika mbali kiasi hicho.

Na jambo jingine, ambalo nimekuwa mchungaji miaka mingi bila kulitilia maanani. Zaburi zote 150 ni picha isiyo na sauti. Baadhi yake zina maelekezo juu yake: hii iimbwe kwa vinanda vya nyuzi, hii kwa tuni ya kulungu wa alfajiri, kama ile ya 22. Tuni yenyewe iko wapi? Imepotea. Hakuna mtu aliye hai anayejua kulungu yule aliimbwaje. Tumeachiwa midomo inayocheza. Na kwa sababu hiyo Wajerumani waliweka sauti yao, na Waanglikana yao, na mwanafunzi wa chuo cha theolojia cha Makumira, Bernard Kyamanywa, mnamo mwaka 1966 aliweka habari ya Pasaka juu ya tuni ya kwao Buhaya, na wimbo wake leo uko kwenye vitabu vya nyimbo vya Ujerumani na Marekani. Kama Mungu angetuhifadhia kanda safi ya Daudi, nadhani tungekaa kimya tukiisikiliza.

Jumamosi niliwaita vijana. Sikuhubiri; niliwaonyesha benchi la tatu. Yule kijana mwenye sikio zuri aliomba arudishiwe mara tatu, kisha akasema taratibu, "Basi tusikate." Tukakubaliana pia kwamba hakuna nakala itakayouzwa wala kupandishwa popote kabla hatujazipigia simu familia za wote waliotangulia. Aretha aliwahi kukataa kuonekana kwake, na marehemu wetu hawawezi kukataa, hivyo wa kuulizwa ni watu wao. Kazi hiyo ilichukua siku tisa. Wengi walilia, wote waliridhia, mmoja aliomba kwanza aone picha ya mumewe akiwa na tai.

Simu iliyonipa taabu ilikuwa ya Mwanza. Binti wa yule dada ni mwalimu wa shule ya msingi huko. Nilimweleza polepole. Nilimweleza na habari ya nidhamu, kwa sababu nisingeweza kumweleza benchi bila kumweleza kwa nini. Nikamwomba msamaha kwa niaba ya usharika, nikijua msamaha wa namna hiyo ulipaswa kuombwa mapema sana na mbele ya mtu mwingine. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Huyo mtoto mgongoni ni mimi?"

Nikamwambia, ndiyo. Ni wewe, umelala.

Kanda sasa iko ndani ya bahasha mpya, na juu yake mzee wa kanisa ameandika kwa mwandiko wake mzuri majina thelathini na mawili ya kwaya, majina saba ya matarumbeta, jina la mwalimu, na la thelathini na tatu katika kwaya, sauti ya kwanza, jina la yule dada.

Jumapili iliyopita tuliionyesha kanisani, shuka jeupe limetundikwa mbele ya madhabahu. Watoto walikaa chini. Tulicheka kuona nywele zetu, tukanyamaza walipopita waliotangulia. Ilipofika dakika ya arobaini na moja sauti ilikatika, na kijana wa mitambo, ambaye hakuwa amesikia habari hii, alikimbilia waya. Yule bibi aliketi palepale kwenye kiti chake cha mbele akaanza. Alichelewa nusu neno nyuma ya midomo ya shukani, akawafikia kwenye mstari wa pili. Sauti ya pili ikampokea. Ubeti wa matarumbeta ulipofika, yule mzee mmoja aliyebaki kati ya wale saba hakuwa na tarumbeta yake. Aliimba sehemu yake kwa mdomo, paa, pa-pa-paa, mikono imekaa hewani kama ameishika. Dakika nne. Kisha shukani mtu alipita mbio mlangoni, jenereta likawa limewaka, na sauti yao ikarudi kwa kishindo kwenye spika, nasi bado tunaimba. Tukakuta tumeshuka nusu toni chini yao. Tukavuta pumzi, tukapanda kuwafuata.